Wilaya ya Mkingamo na Mkalimani Mwongo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, enzi za ujana wangu. Yaani mwaka jana. Usicheke. Wewe uko darasa la nane, mimi nina miaka kumi na saba, na aliyetangulia kutumbukia dimbwini ndiye ajuaye kina chake.

Mwalimu wetu wa historia, hapa Scarborough, Kanada, alimwalika babu yangu asimulie darasani habari za Wilaya ya Mkingamo, huko kwetu, alikokuwa karani. Ukiitafuta kwenye ramani utaumia macho bure. Serikali iliikata katika ardhi iliyogombaniwa na vijiji viwili. Haikumaliza mwaka, ikafutwa, rangi ya ofisi haijakauka.

Babu hajui Kiingereza, basi mkalimani nikawa mimi. Fisi kakabidhiwa bucha!

Babu alisema taratibu, "Tulichora mpaka bila kuwauliza waliokuwa wakilima pale. Waliamka wageni kwenye mashamba yao. Muhuri niligonga mimi."

Mimi nikawaambia wenzangu kwamba Babu aliwahi kutawala nchi iliyochacha kabla ya maziwa. Darasa likaangua kicheko. Babu akanitazama, akakunja karatasi yake, akasema amemaliza.

Kwenye basi la kurudi nyumbani akaniuliza:

"Mjukuu wangu, mwalimu alicheka?"

"Sana, Babu."

"Basi hukutafsiri." Akageukia dirisha. "Watu wale nimewadhulumu mara mbili. Kwanza kwa muhuri wangu, leo kwa mdomo wako."

Mjumbe hauawi, wanasema, lakini mimi nilistahili japo makofi mawili.

Kesho yake asubuhi kipaza sauti cha shule kilitangaza, kama kila siku, kwamba shule yetu imesimama juu ya ardhi ya wenyeji wa asili. Kwa kawaida hulisindikiza tangazo lile kwa kukoroma. Siku hiyo nilisimama.

"Mwalimu, jana nilidanganya. Naomba dakika tano."

"Mfalme karudi!" rafiki yangu Juma akanizomea kutoka nyuma. Nilisema yote, mpaka muhuri.

Nilipomweleza Babu, aliuliza tu, "Walicheka?"

"Hapana."

"Haya, njoo tule."

Basi shika hili, mwanangu: chekesha watu kwa mambo yako, hata kwa yangu, nakuruhusu. Lakini ukikabidhiwa maneno ya mtu, yafikishe yote, hasa yale yanayomuuma mwenyewe kuyasema. Wilaya hufutwa, waliodhulumiwa hawafutiki. Mola akupe ulimi mwepesi wa utani, mzito wa uongo, na basi lisikupite kamwe kwenye baridi. Amina.