Fundi wa Faili Zinazokataa Kushuka

Fundi wa simu wa hapa Kericho hakuulizi simu ina shida gani. Anakuuliza umebonyeza mara ngapi. Wachuma chai wanamletea simu zenye utomvu wa majani kwenye kioo, naye anazipangusa kwa pindo la leso yake kabla ya kufungua brauza. Juzi Quinter alileta yake kwa sababu barua ya bintiye ya kuitwa chuo ilikuwa imekataa kushuka. "Nimebonyeza mpaka kidole kimechoka," alisema. Simu ilikuwa imejaa, na kilichokula nafasi zaidi ni video ya mazishi ya mamake. "Tufute hii?" Quinter akaifunika video kwa kiganja. Fundi hakuuliza tena. Aliihamishia kwenye simu yake mwenyewe, na barua ikashuka. "Ukinunua memori kadi, kuja uichukue."

Leo nimemtumia picha ya kibanda chake aliyoniomba, na imekataa kushuka. Nikachungulia simu yake: mazishi ya watu, harusi ya Orina muuza mitumba, ng'ombe wa mzee mmoja wa Sigor akila nyasi kwa dakika kumi na mbili. "Si ufute tu huyu ng'ombe?" Akaivuta simu kifuani. "Huyo ni ng'ombe wa mtu."