Mrushaji Aliyetaka Kupiga

Wakati huo nilikuwa nauza manukato katika duka moja la Al Rigga, Dubai, na usiku nalala Al Muraqqabat, kitanda cha chini. Cha juu kilikuwa cha Mganda mmoja, mlinzi wa kliniki kule Oud Metha, mwanamke mrefu, mabega mapana. Kila akirudi kazini alivua soksi, akazikunja zikawa kama mpira, akazirusha kwenye kapu la nguo chafu lililokuwa mlangoni. Hakosi. Nilipomuuliza alijifunza wapi shabaha ile, akasema shuleni kwao Uganda walicheza besiboli, naye alikuwa mrushaji.

"Besiboli ndiyo nini?"

"Mimi narusha mpira, wewe unasimama na gongo unajaribu kuupiga. Ukiupiga, unakimbia kituo hadi kituo mpaka urudi ulipoanzia, hiyo ni pointi. Ukikosa mara tatu, unakaa chini."

Mimi mtoto wa Mombasa, mchezo niliokuwa nao ni kati tu, ule wa kukwepa mpira, tena nilikuwa wa kwanza kutolewa. Lakini aliposikia kuna wafanyakazi wa mahoteli wanaocheza Ijumaa asubuhi, akaniomba nimsindikize, nikaenda.

Wengi wao walikuwa Wafilipino. Kapteni alikuwa mpishi, mfupi, sauti yake ya kupigia kelele jikoni. Shoga yangu akarusha mpira mmoja, kapteni akavua kofia.

"Utarusha," akasema.

"Na kupiga je?"

"Mrushaji wangu hapigi. Atachoka. Kuna mtu atampigia zamu yake."

Akaangaza macho kumtafuta huyo mtu. Wote walikwishapewa nafasi. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya boksi la maji, mtandio kichwani, sambusa mkononi.

"Wewe!"

Basi hivyo ndivyo nilivyogeuka mpigaji. Ijumaa baada ya Ijumaa nilipiga hewa. Siku moja mpira ulinigonga kiunoni, wenzangu wakashangilia kama tumeshinda kombe, maana ukigongwa unapewa kituo cha kwanza bure. Hilo ndilo lililokuwa jambo langu kubwa msimu mzima. Na shoga yangu anakaa pembeni anatafuna kucha.

"Banange, mwenzangu, usifumbe macho!"

"Nikifumbua naogopa."

Nyumbani alikuwa anasema, si kwa hasira, kwa uchungu tu: "Shuleni nilirusha na nikapiga. Nani aliwaambia mkono una kazi moja?"

Siku tuliyocheza na vijana wa mizigo wa uwanja wa ndege, tulikuwa nyuma kwa pointi moja, zamu yetu ya mwisho ya kupiga, wenzetu wawili wako kwenye vituo wanangoja mtu awarudishe. Ikaitwa zamu yangu. Nikamwendea kapteni, nikamkabidhi gongo.

"Mpe mwenyewe zamu yake."

"Tumeshapanga, dada."

"Umepanga wewe, kapteni. Mimi sipigi tena."

Akaangalia saa. Sala ya Ijumaa ilikuwa inakaribia na jua limeshaanza kuuma. "Yalla," akasema. "Apige."

Mpira wa kwanza akaukosa. Wa pili ulitoa mlio kama mlango uliobamizwa na upepo, ukapita juu ya vichwa vya wote, ukaangukia ng'ambo ya mabasi yaliyoegeshwa. Wale wawili wakarudi, na yeye nyuma yao anakimbia huku anacheka, kofia imemdondoka, tukawa mbele kwa pointi mbili. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Walibaki wapinzani kupiga zamu yao. Shoga yangu akasimama kurusha, kifua kinapanda na kushuka. Mpira mmoja ulikwenda juu, mwingine ukachimba vumbi, wakawa wanapewa vituo bure. Walipomaliza, walikuwa wametupita.

"Unaona?" kapteni akamjia juu. "Ndiyo maana nilikataza!"

"Naona," akasema, bado anahema. "Lakini uliuona mpira wangu ulivyokwenda?"

Kapteni akatazama upande wa mabasi, kisha akashindwa kujizuia, akacheka. "Niliuona."

Ijumaa iliyofuata akampa zamu ya kupiga, ila kwa sharti kwamba akishakimbia, anywe maji na apumzike kwanza kabla ya kushika tena mpira. Mimi nikapelekwa nyuma kabisa ya uwanja, ambako mipira haifiki, nikapapenda. Kuna siku alirusha vizuri asipige kitu, na kuna siku ikawa kinyume. Mara chache yote mawili yalimjia kwa pamoja, na siku hizo hata wapinzani walimpigia makofi.