Msitu Tuliosusa

Maji ya pangoni yalikuwa na harufu yake: ya jiwe bichi, ya majani yaliyooza, na ya popo kidogo, Mungu anisamehe, lakini ukishayazoea hayo huoni tena utamu wa maji mengine. Pango lenyewe lilikuwa katikati ya msitu wa kijiji chetu, kusini ya Unguja, upande wa maweni ambako ardhi ni jiwe tupu na muhogo huota kwa kubembelezwa. Miaka ile ya hamsini hatukuwa na maji ya mfereji. Visima vya karibu na pwani vilikuwa vya chumvichumvi, vya kufulia na kuoshea vyombo. Maji ya kunywa yalikuwa yale, tukiyateka kwa kata ya kifuu chini ya kivuli cha miti mikubwa, na kila mtoto alijua bila ya kufundishwa kwamba miti ikiondoka, na maji yatakwenda.

Bi Mboja, bibi yangu mzaa mama, ndiye aliyekuwa mvyale, yaani mwenye dhamana ya msitu. Akifunga njia kwa kuti lililosukwa, hapana aliyethubutu kukata hata ufito. Na kabla ya watu kuchoma makonde kungojea masika, yeye ndiye aliyepita mlango kwa mlango kuwaamrisha wakafagie. Naam, tulikuwa tukifagia msitu! Kila nyumba ilikuwa na ubavu wake pembeni, ikiusafisha kwa fagio la chelewa mpaka jiwe jeupe lionekane, ili moto wa konde ukija usipate cha kushika. Watu wa vijiji jirani wakitucheka, wakituita wafagia mwitu, na Bibi akiwajibu kwa matusi ambayo siyaandiki hapa. Alikuwa mkali kama pilipili, na wanangu wanasema mie nimemrithi.

Msimu ninaousimulia, kaskazi ilikuwa kavu mno. Alikuja bwana mmoja kutoka mjini, kaptura ya kaki na soksi ndefu, tukamwita Bwana Miti. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Akiipenda miti kwa dhati, akiipapasa kama mtu anayepapasa ng'ombe wake. Lakini alizungusha mawe ya rangi nyeupe kandokando ya msitu, akatangaza kuwa kuanzia siku ile ni mali ya serikali, asiingie mtu bila ya kibali, isipokuwa wanawake wakienda maji. Akaweka na mlinzi, mgeni, hana hata mtu wa kumwamkia. Kisha akatoa kisu akalikata kuti la Bibi, akasema kwa adabu zake zote, "Bi mkubwa, haya hayana kazi tena. Pumzika." Bibi akalitazama lile kuti chini. "Haya," alisema. "Mwenye mali kaja." Hakupiga kelele, na ndipo nilipoogopa.

Jioni aliwaambia watu: asifagie mtu. Msitu una mwenyewe, na mwenyewe ana mshahara. Watu wakacheka, wakakubali. Nani asiyependa kupunguziwa kazi? Kwetu mtu akiudhika hapigani, hususa. Atasusa chakula, atasusa harusi, atamsusa hata nduguye wa tumbo moja. Wahenga wamesema ukisusa, wenzio wala, lakini nani huyakumbuka hayo wakati moyo unaungua? Majani yakarundikana. Kila nikienda maji na Mama niliyasikia yakilia kachakacha chini ya nyayo zetu. Kima wakaanza kushuka kijijini mchana kweupe, wakikaa juu ya mapaa, kimya, wakitutazama. Mama, aliyekuwa na mimba ya mdogo wangu, hakuweza kuvumilia. "Mama, majani yashafika vifundoni," alimwambia Bibi. "Moto ukija, tutakunywa nini?" Bibi alijibu bila ya kuinua uso kutoka kwenye ukili aliokuwa akiusuka, "Kamuulize mwenye kisu." Mama akachukua fagio, Bibi akamnyang'anya. Siku zile nikilala na kiu, ati, na mtungi umejaa.

Jirani yetu, Mzee Makame, alichoma konde lake baada ya sala ya adhuhuri, kama kila mwaka. Upepo ukageuka. Moto ukapata yale majani, na mlinzi akatoka mbio akipiga kelele, "Jamani, msitu! Msitu unaungua!" Na sisi? Subhanallah. Watu walisimama milangoni wakimtazama Bibi. Desturi yetu, hapana anayekata tawi la kuzimia moto wa msitu mpaka mvyale apige ukelele wa kwanza, na mvyale amekaa, anasuka ukili. Mama hakungoja. Alichovya kanga yake mtungini, akaenda na tumbo lake lile kuuelekea moshi. Hapo ndipo Bibi alipoinuka. Alipiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mwanadamu, na kijiji kizima kikamwagika. Waliupiga moto kwa matawi mabichi mpaka karibu ya magharibi. Mama walimtoa salama, nyusi zimeungua. Lakini nusu ya msitu ilikuwa imekwisha, na mwamba wa juu ya pango ulikuwa umepasuka kwa joto, ukaangukia maji.

Kesho yake Bibi alikwenda kutazama. Alichota kwa kiganja kwenye upenyo uliobaki, akaonja, akatema jivu. "Mtu hususa cha mwenziwe," alisema. "Mie nimesusa changu." Tangu hapo tukateka maji kijiji cha pili, tukipanga foleni nyuma ya wale wale waliotucheka, na Bibi hakumwamrisha tena mtu kitu chochote.

Leo nina wajukuu, maji ya mfereji huja yakipenda, na msitu umerudi, ingawa miti yake bado ni vijana. Siku hizi tuna kamati, watoto wetu wenyewe hulinda kwa zamu, na kila mkutano tunaambiwa msitu ni wenu. Ni jambo zuri, silikatai; laiti lingekuja zama za Bibi. Lakini mwezi uliopita wageni kutoka mjini walizungumza tangu asubuhi, na kijana mmoja wa zamu kila akiinua mkono akiambiwa angoje. Mwishowe akasimama, akajikung'uta suruali. "Basi endeleeni nyinyi," alisema, kwa upole, hata akatabasamu. Akatoka, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Wageni hawakuona lolote, wakaendelea na maneno yao. Mie nilikuwa naitafuta fimbo yangu niinuke nimrudishe, magoti yananikatalia, na nje kaskazi ilikuwa imeshaanza kuvuma.