Shikamoo Chini ya Pijo

Leo nimeamkiwa nikiwa chini ya gari.

Kikampuni changu cha kufagia maegesho ni mimi na Mama Kadzo tu. Asubuhi, pale hotelini Shella, ile ya bara, nilijiingiza chini ya Pijo kufuata majani makavu. Tumbo likakwama.

Mara injini ikawaka!

Nikamsikia Mama Kadzo akimwelekeza dereva: "Rudi nyuma, rudi, hakuna mtu!"

Jamani, hakuna mtu? Na kitambi chote hiki?

Nikagonga bati kwa ngumi mpaka gurudumu likasimama, shubiri moja tu kutoka sikioni mwangu.

Dereva akachungulia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Zima gari kwanza."

Wakanivuta kwa miguu. Hadi sasa Mama Kadzo anacheka.

Nani kati yenu ana ufagio wenye mpini mrefu?