Neno Nililoliruka Kitshanga

Niliondoka Sake asubuhi moja kwa sababu lori lilikuwa linaondoka. Sina sababu nyingine ya kutoa. Nilikuwa nimesimama penye njia panda nikila muhogo wa kuchoma, na mfanyabiashara mmoja wa kabila la Wanande alikuwa akifunga turubai juu ya magunia ya chumvi na katoni za sabuni. Akaniuliza kama nina nguvu za kusukuma gari likikwama. Nikasema ninazo. Hakuniuliza ninakwenda wapi, na kama angeuliza nisingejua la kumjibu. Miaka ile ya vita huku mashariki mwa Kongo, nusu ya watu wa Masisi walikuwa barabarani na magodoro kichwani, kwa hiyo mtu anayetembea bila sababu hakuonekana.

Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari. Kihunde nilikipata kwa mama yangu, Kinyarwanda kwa wachungaji wa ng'ombe, na Kifaransa jikoni kwa mapadre, nilikoosha sufuria miaka mitatu huku nikisikiliza mabishano ya mezani. Nilisoma kila kitu chenye herufi: karatasi za kufungia sabuni, vipande vya magazeti, maelezo yanayokunjwa ndani ya boksi la dawa. Nilijivunia lugha zangu. Ninalisema mapema kwa sababu kosa langu lilitoka hapo.

Tulikwama mara nne tukafika Kitshanga siku ya pili, mvua ikinyesha juu ya turubai za kambi ya wakimbizi. Wakati magunia yanashushwa, nilimsikia mwanamke akigomba kwa Kifaransa mlangoni mwa ukumbi wa parokia. Mkalimani wake alikuwa amezuiwa Goma, barabara imefungwa nyuma yake, na kesho watu ishirini wangekuja kufundishwa. Alikuwa mtu wa Kinshasa, na Kiswahili alijua kusalimia tu. Nikamwambia kwa Kifaransa kwamba mimi nipo.

Alitazama viatu vyangu, halafu uso.

"Unajua kusoma?"

"Vizuri kuliko ninavyojua kuvaa."

Hivyo nikapata kazi ya siku sita na mkeka katika chumba cha nyuma cha ukumbi.

Watu walimwita Mwalimu. Alikuwa mwanasaikolojia, na tiba aliyoileta ilitungwa mbali sana na kwetu, kwa watu ambao hasira au huzuni huwapanda ghafla hadi wanatafuta kujidhuru. Alitaka kujua kama wauguzi, makatekista na akina mama wa kambini wanaweza kujifunza tiba hiyo na kuwafundisha wenzao. Huo ndio ulikuwa utafiti wake. Kila asubuhi alikusanya karatasi ambazo kila mtu aliandika hisia zake za jana na ukubwa wake, kuanzia sifuri hadi tano. Wasiojua kuandika walitia punje za mahindi kikombeni. Mimi pia nilipewa karatasi. Kila siku niliandika: hamu ya kuondoka, tano.

Siku ya kwanza alinyosha mikono miwili. Msingi wa tiba hii, alisema, ni kwamba mambo mawili yanayopingana yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na mtu anaweza kuyashika yote mawili bila kutupa moja. Nikatafsiri. Mwanamke mmoja wa kambini, aliyekaa karibu na dirisha na kitenge cha kijani mabegani, akasema polepole:

"Mimi ndio vile niko. Niko na bwana, na sina bwana."

Muuguzi mmoja mzee, ambaye hakuweza kukaa dakika kumi bila utani, akadakia: "Mama, wanaume wa hapa wako vile hata bila vita. Wako na bibi, na hawana bibi."

Ukumbi ulicheka. Hata yeye alicheka, akafunika mdomo kwa kitenge.

Siku ya pili lilikuwa somo la maji. Hasira ikipanda kupita kiasi, unazamisha uso katika maji baridi na kuzuia pumzi kidogo, na mwili unatulia wenyewe. Muuguzi mzee aliangalia beseni, akaangalia mvua nje, akaniita Papa kama wanaume wote wanavyoitwa huku.

"Papa, mwambie Mwalimu sisi tunanyeshewa toka Januari mpaka Desemba. Na hasira iko palepale."

Lakini walijaribu, mmoja mmoja. Mama wa kitenge cha kijani alikaa na uso ndani ya beseni hadi nikaogopa. Alipoinuka, maji yakimtiririka shingoni, alisema kichwa chake kimenyamaza kidogo. Kisha akaenda kwenye kikombe chake akatia konzi nzima ya mahindi.

"Mama, mwisho ni tano," nikamwambia.

"Tano yenu iko ya watu wa Kinshasa."

Mchana ule, tukila viazi, nilimuuliza habari za bwana wake. Siwezi kukaa karibu na jambo bila kuliuliza. Bwana alikuwa amekwenda kuchimba mawe ya madini Walikale, zaidi ya miaka miwili iliyopita. Ujumbe wa mwisho aliuleta mbeba mizigo: bwana yuko Pinga, analala katika nyumba ya wageni yenye mlango wa bluu karibu na daraja, na atarudi mvua ikipungua. Halafu vita vikakata barabara. Vilipofika kwao Burungu, mama alikimbilia kambini na watoto. Tangu hapo kila Jumapili shemeji yake alikuja na swali moja: "Unakubali?" Akubali kwamba mume amekufa, ili matanga yafanyike na shamba la viazi nyuma ya nyumba lirudi kwa ukoo. Kila Jumapili alijibu hapana. Shamba lenyewe lilikuwa limeota nyasi. Lakini mradi alikataa, lilikuwa la mumewe, na mumewe alikuwa hai mahali fulani. Hakuwa na kitu kingine cha kumweka hai isipokuwa lile hapana.

Nilisikiliza hadithi yote kwa hamu kubwa. Neno lililokuwa katikati yake sikulisikia.

Siku ya tatu Mwalimu alifundisha kile wanachokiita kwa Kifaransa *acceptation*. Maumivu, alisema, huwa makali zaidi tunapopigana na jambo lililokwisha kutokea. Lazima mtu alipokee lilivyo, kwa mwili na roho. Nikasema: "Lazima mtu akubali. Akubali kabisa, kwa mwili na roho." Ilitoka vizuri, na sauti yangu ilijaa ukumbi. Kisha Mwalimu akasema sentensi moja zaidi, kwamba hii haina maana ya kuridhia, wala ya kukubaliana na yaliyotokea. Nikafungua mdomo, nikaona kitakachotoka: *kukubali si kukubali*. Niliona muuguzi mzee akijiandaa kunicheka. Mwalimu alikuwa amekwisha kugeukia ubao. Nikairuka ile sentensi.

Ilikuwa sentensi fupi. Hakuna aliyejua kwamba imepita.

Kesho yake mama alikuja amenyoa kichwa. Kitenge cha kijani hakikuwepo. Alikaa palepale dirishani, na watu waliokuwa wakiongea wakaacha. Mwalimu aliniuliza kuna nini, nikamuuliza mama.

"Nimekubali," alisema. "Vile Mwalimu alisema. Jana nilienda kwa shemeji, nikaweka kidole kwa karatasi mbele ya chefu wa kijiji. Nikasema bwana amekufa. Walinyoa mimi jioni ileile." Akaniangalia mimi, si Mwalimu. "Mulisema maumivu itapunguka. Itaanza lini?"

Nilimtafsiria Mwalimu kila neno, safari hii bila kuruka. Aliniomba nirudie niliyosema jana. Nikarudia. Akauliza ile sentensi ya mwisho niliisema vipi. Nikamwambia sikuisema. Alikaa kwenye benchi ya mbele kama mwanafunzi, chaki mkononi, na hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Hakufundisha somo jipya siku hiyo. Alinifanya nisimame mbele ya watu nieleze kosa langu, kisha akawaomba watafute neno wenyewe. Muuguzi mzee, bila utani wowote, akasema *kuvumilia*. Katekista mmoja akasema *kupokea*. Wakabishana, kwa sababu mzigo unapokewa na mtu anayeutaka. Mwishoni mama akasema, akiwa ameangalia nje:

"Munasumbuka bure. Muntu hakubali mvua. Anajua tu inanyesha, anatafuta pa kukaa."

Nikatafsiri. Mwalimu aliandika ubaoni, kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili alichokuwa hajakijua wiki iliyopita: KUJUA INANYESHA. Watu waliandika katika daftari zao. Lilikuwa somo zuri kuliko yote ya siku sita, na aliyelitoa hakufaidika nalo.

Tulikwenda pamoja kwa chefu, Mwalimu, mama na mimi, kuomba karatasi irudishwe. Chefu alitusikiliza kwa heshima. Akasema kidole ni kidole, na chakula cha matanga kimekwisha kuliwa. Tukirudi kwenye matope nilijaribu kumwambia mama kwamba huenda shamba litapatikana vita vikiisha.

"Shamba iko kitu kidogo," alisema. "Nilisema kwa mdomo yangu, amekufa. Akirudi, atakuta ni mimi nilimuzika."

Kikombe chake siku ya tano kilikuwa kitupu. Nilifikiri amesahau. Mwalimu aliniambia hapana, mtu huacha kutia mahindi pia asipoona maana ya kuhesabu. Alimwomba jirani wa mama alale naye hemani, na muuguzi mzee apite asubuhi na jioni. Muuguzi alikubali kabla sijamaliza kutafsiri.

Siku ya sita, kazi ilipokwisha, nilifunga mfuko wangu. Mwalimu alikuwa akipanga karatasi, na za kwangu sita zilikuwa juu. Alizisoma.

"Tano, tano, tano," alisema. "Leo unakimbia au unakwenda?"

Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba hamu ikikusukuma, usimame kwanza uiangalie kabla ya kuifuata. Niliiangalia. Ilikuwa ileile iliyonipandisha lori Sake, na kando yake kulikuwa na kitu kingine nisichokizoea, kilichokuwa na mlango wa bluu.

Nilipita hemani. Nilimwambia mama kwamba ninakwenda Pinga, na nitauliza. Hakunishukuru. Alinitajia jina la bwana wake mara mbili, pamoja na jina la baba wa huyo bwana, ili nisikosee.

"Usiniletee uongo, Papa. Kama ni hakuna kitu, sema hakuna kitu. Lakini sema yote. Usiruke."

Hadi Mweso nilipanda pikipiki, tukiwa watatu na mbuzi. Baada ya hapo nilitembea. Nyasi za ng'ombe ziliisha, msitu ukaanza, na vizuizi vikawa vingi: kamba iliyonyoshwa njiani, kijana mwenye bunduki, swali lilelile la unakwenda kufanya nini. Nilisema ninamtafuta ndugu. Hapo hawakunibishia, kila mtu alikuwa akimtafuta mmoja. Kuna vijiji nilivipita ambavyo vilikuwa nguzo tu. Siku ya tatu viatu vyangu, alivyovitazama Mwalimu, viliisha kabisa, nikavitundika kwenye mti.

Nilifika Pinga alasiri, siku ya tano. Daraja lilikuwepo. Nyumba ya mbao ilikuwepo, na mlango ulikuwa na rangi ya bluu karibu na bawaba tu, kwingine imebanduka. Mama mnene, mwenye nyumba, alikuwa akianua mashuka.

"Karibu, Papa. Miguu yako iko inalia. Unataka chumba ao unataka maji?"

"Vyote. Na ninataka kuuliza mtu."

"Kila muntu anakuja kuuliza muntu. Oga kwanza."

Niliosha miguu. Nilimtajia jina. Hakulikumbuka. Wachimbaji hupita kama siafu, alisema, na majina ni ya kwenye kaye. Kaye zilikuwa nne, madaftari ya shule yaliyofungwa kwa kamba, kwa sababu utawala wowote uliokuwa ukitawala mwezi huo ulitaka wageni waandikwe. Akaniwekea mezani. Kila ukurasa ulikuwa na safu nne: jina, anatoka, anaenda, sahihi. Nilisoma kama nilivyosoma maboksi ya dawa, kila mstari, wala sikuruka. Karibu wote walikuwa wametoka mbali wakienda Walikale.

Katika kaye ya tatu nilimkuta. Jina lake na la baba yake, kwa mwandiko wa mtu anayebonyeza kalamu sana. Anatoka: Walikale. Anaenda: Burungu, kwa bibi.

Mwenye nyumba aliinama juu ya bega langu akaangalia tarehe. Akakaa.

"Ile wiki ya vita," alisema. "Alitoka asubuhi, basi. Siku mbili baadaye, watu wakaanza kukimbia kutoka upande ule wote. Papa, siku zile ile haikuwa njia."

"Kuna aliyerudi?"

"Hapa kwangu, hapana."

Nilikaa na kidole juu ya mstari ule. Hakukuwa na maiti ndani yake, wala hakukuwa na mtu hai. Kulikuwa na maneno matatu: Burungu, kwa bibi. Sikujua kama yangemsaidia mkewe au yangemmaliza. Nilijua tu kwamba ni yake, na kwamba hakuna mwingine wa kuyabeba.

Mwenye nyumba aliniletea ufunguo wa chumba cha pili na kaye mpya, kalamu imefungwa kwa uzi. Nikaandika jina langu. Anatoka: Kitshanga. Penye *anaenda* kalamu ilisimama.

"Andika tu Walikale," alisema. "Wote wanaandika Walikale."

Nikaandika Burungu, kisha nikakumbuka kwamba mama wa kitenge hayuko tena Burungu. Nikafuta, nikaandika Kitshanga.

Alisoma maandishi juu chini, akakunja uso.

"Unatoka Kitshanga, unaenda Kitshanga? Sasa hapa umekuja fanya nini?"

"Kusoma," nikasema.

"Basi utalala siku moja tu."

"Siku moja," nikasema, nikachukua ufunguo.