Kamba ya Boga

Watu wa Likoni walizoea kumtania Boga wa Tsuma kwamba yeye ndiye mwenyeji wa wote, maana hakuna aliyekufa asipite mikononi mwake. Alikuwa mchimba kaburi wa ule msikiti wa mawe nyuma ya mtaa wa Shika Adabu, mkongwe hata wazee hawakujua nani aliujenga. Asubuhi hujaza birika, Maulidi yakikaribia hupaka kuta chokaa, na ukizuka msiba huitungua kamba ya usumba wa nazi aliyoachiwa na babake. Kamba ile ndiyo elimu yake yote. Huinyoosha sambamba na ukuta wa kibla, kisha huchimba. Kaburi lilale kama ukuta ulivyolala, maiti aelekee Makka. Miaka thelathini hajakosea hata mara moja, na akijisifu, mwacheni ajisifu!

Mkewe, Mwanatabu, alipokuwa akikata roho alimwomba jambo moja tu: "Nilaze vizuri, Boga. Uchimbe wewe mwenyewe."

Akamchimbia, akamlaza, na ubavuni pake akaacha nafasi ya mtu mmoja. Yake. Kila Ijumaa alikwenda kuing'olea magugu.

Basi mwaka ule wa mafuriko, sitini na moja, mvua iliangusha pembe ya msikiti. Wanaume wakakusanyika kujenga. Mohdhar naye akaja, baharia wa tishari bandarini, na dira yake ya shaba. Akaiweka chini mbele ya kibla. Akaitazama. Akaihamisha, akaitazama tena.

"Shikamoo, Babu Boga."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso?"

"Ukuta huu umekwenda kombo. Makka iko kule." Akanyoosha kidole kwenye pembe iliyobomoka.

Boga akacheka. Kisha akaona anacheka peke yake. Mwalimu Stambuli, imamu wao, akaagiza dira ya pili, na sindano yake ikasema yale yale.

Lahaula! Mzee wa watu akaketi matopeni na kanzu yake nyeupe.

"Watu wangu wote?" akasema. "Mwanatabu wangu! Wallahi nimemlaza kombo!"

"Huna lawama," Mwalimu akamwambia. "Hukujua. Mola huangalia nia, haangalii sindano. Hafukuliwi mtu. Lakini tangu leo, sala na makaburi yafuate dira."

Hapo Boga akashusha pumzi. Akachukua kamba yake akaenda makaburini, na wenzake wakamfuata nyuma kwa kumwonea huruma. Akasimama penye nafasi yake, akainyoosha kamba kama dira ilivyosema. Ikapita juu ya kaburi la Mwanatabu, kifuani hasa. Akaisogeza chini. Ikamkata miguu. Akahangaika nayo hivyo, huku na huku, jasho likimtoka, na nafasi ikakataa katakata kumwenea.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilazeni kama yeye. Kombo hivyo hivyo."

Mwalimu Stambuli akainamisha kichwa. Alimpenda sana Boga, na jibu lilimwia zito.

"Yeye hakujua, Boga. Wewe sasa wajua."

Boga akaizungusha kamba mkononi, polepole, mpaka ikaisha. Kisha akamgeukia Mohdhar, machozi yakimtiririka ndevuni.

"Mwanangu," akamwambia, "si ungalingoja nife kwanza?"