Siku Ng'washi Alipowaita Ng'ombe Saa Sita

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Ng'washi alimwambia mumewe, Bujiku, kwamba hajui kula michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Miaka arobaini na saba ya ndoa, na bado anaitafuna kama mbuzi aliyeokota kamba. Bujiku akasema michembe yenyewe imechemshwa na mtu mwenye haraka. Ng'washi akasema lazima awe na haraka, maana nyumba hii ina mtu anayeamka jua likiwa limeshachoka. Wakacheka. Akajifunga kanga kiunoni, akachukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba kuchimba viazi. Bujiku akabaki anatafuna, anasikia jembe likiingia udongoni.

Ilikuwa Jumanne. Alhamisi presha ya Ng'washi ilipanda, hawakuwahi hospitali. Jumamosi wakamzika.

Hayo yanatosha. Ng'washi hakupenda habari za misiba. Alipenda za kucheka, na iliyomchekesha kuliko zote ni hii ya ng'ombe na shahada ya Gloria.

Alizaliwa Lingeka, kule Meatu, kwenye nyumba ya mabinti watupu. Baba yake alikuwa na ng'ombe wengi na hakuwa na mtoto wa kiume, basi Ng'washi akachunga. Shule aliipita kwa nje, akiwa nyuma ya mikia. Ukimwuliza alifika darasa la ngapi, alijibu, "La ng'ombe themanini."

Bujiku alipomwoa na kumleta hapa, pembeni mwa Bariadi, haukupita mwezi ng'ombe wa Bujiku wakawa hawamsikilizi Bujiku tena. Jioni Ng'washi alisimama mlangoni mwa zizi, akaivuta sauti kama mtu anayevuta ndoo kisimani, taratibu, halafu ikatoka yote. Kwanza mwito mrefu. Kisha majina, moja moja. Ng'ombe walikuja wenyewe. Aliyekuwa akiwachunga alifuata nyuma, mikono mitupu, kama mgeni wao.

Gloria ni mjukuu wao, binti wa mtoto wao wa kwanza. Alikulia hapo nyumbani. Alipomaliza kidato cha sita alipata nafasi kwenye chuo kimoja cha Nairobi, kusomea shahada ya sauti za magemu. Bujiku alipata taabu kuwaeleza watu. Siku moja baada ya ibada jirani yao Salvatory, ambaye ni katekista, alimshika.

"Mjukuu anasomea nini huko? Udaktari?"

"Sauti."

"Za kwaya?"

"Za gemu. Zile za kwenye simu."

"Kwa miaka mingapi?"

"Mitatu."

Salvatory alivua kofia. "Mitatu! Mimi nimesomea ukatekista miwili, na humo ndani kulikuwa na mbingu na moto wa milele."

Mwaka jana, mwezi wa sita, Gloria alirudi nyumbani na begi la vifaa na uso wa mtu aliyefiwa. Bibi yake hakumwuliza kitu. Alimpa ugali na mlenda. Kwenye tonge la nne binti akasema mwenyewe.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa imerudishwa. Alikuwa ametengeneza gemu la kuwarudisha ng'ombe nyumbani kabla ya giza. Mchezaji anaita, ng'ombe wanakuja. Sauti za ng'ombe alizichukua kwenye mtandao, na mwito aliuigiza mwenyewe chumbani kwake. Mwalimu alivaa hedifoni, akacheza kidogo, akazivua. Akasema, "Ng'ombe wako hawajui wanachungwa na nani." Amempa wiki tatu. Kazi ikirudishwa tena, hapati shahada. Kurudia mwaka hawezi, mfadhili wake alisema mitatu, basi.

"Hebu niwasikie hao ng'ombe," alisema Ng'washi.

Gloria akamvalisha hedifoni. Ng'washi akasikiliza, amefumba macho.

"Huyu ana njaa," alisema. "Na huyu anamtafuta ndama. Hakuna hata mmoja anayerudi nyumbani. Na wewe uliyeita, mbona unaita kama mtu anayeogopa kumwamsha mwenye nyumba?"

"Nilikuwa naogopa kumwamsha mwenye nyumba."

Ng'washi alicheka mpaka mlenda ukampalia.

Gloria akamweleza alichokuwa anasomea. Kwenye sinema, alisema, sauti inajua kitakachofuata. Kwenye gemu haijui. Mchezaji anaweza kwenda kushoto, anaweza kukimbia, anaweza kukaa tu chini. Sauti inatakiwa imfuate na kumjibu.

"Na hilo limewashinda?" aliuliza Ng'washi. "Mimi nimeifanya kazi hiyo tangu sijaota meno ya utu uzima. Lete hicho kinasa sauti chako kesho."

Kesho yake Gloria alitaka saa sita mchana, kwa sababu jioni jirani wanawasha redio na watoto wa shule wanapita. Akasimamisha maiki yake nje ya zizi, akaivika manyoya kama paka. Ng'washi akasimama mlangoni, akalitazama zizi.

"Bibi, anza."

"Namwita nani? Zizi tupu."

"Igiza tu. Ita kama vile wako malishoni."

"Wako malishoni kweli. Nikiita, nimeita. Hakuna kuita kwa mchezo."

Hapo ndipo Bujiku alipofanya kosa. Alikuwa amekaa kivulini anasuka kamba. Akasema, bila hata kuinua kichwa, "Ita tu, mama. Maduhu amewapeleka kule bondeni, ng'ambo ya shamba la katekista. Hawawezi kusikia."

Bujiku alikuwa amechunga tangu utotoni. Alitakiwa kutazama upepo kabla ya kufungua mdomo. Hakutazama.

Ng'washi akajipangusa midomo kwa kanga. Kisha akafanya jambo ambalo Bujiku hakuwa amelisikia tangu amwoe. Aliweka vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi. Ulikuwa mrefu, mwembamba, ukapanda, ukakaa juu, ukashuka. Kamba ilimtoka Bujiku mikononi.

"Umejifunza lini huo?"

"Kabla yako," alisema Ng'washi. "Mama yako alinikataza siku ya pili ya ndoa. Alisema mwanamke hapigi mluzi kwenye mji wake."

"Mama alikufa miaka ishirini iliyopita!"

"Hakuniachia ruhusa."

Gloria alikuwa na mkono mmoja kwenye hedifoni, mwingine akiwaashiria wanyamaze. Ng'washi akaita. Mwito mrefu, kisha majina yote kumi na moja: Madoa, Harusi, Mvua, Pembe Moja, mpaka wa mwisho. Akarudia mara tatu, kila mara tofauti kidogo, kama Gloria alivyomwomba. Wakapongezana. Wakaenda kunywa maji. Kinasa sauti kikaachwa pale pale, kikiwa kimewashwa.

Mara ardhi ikaanza kunguruma.

Harusi ndiye aliyetokea kwanza, mkia juu. Nyuma yake wengine kumi. Hawakupita njia ya ng'ombe. Bibi amewaita saa sita, jambo ambalo halijawahi kutokea, basi waliona kuna jambo kubwa nyumbani, wakakata moja kwa moja. Na kukata moja kwa moja ni kupita katikati ya shamba la pamba la Salvatory, pamba ikiwa imepasuka yote, nyeupe, inasubiri kuchumwa. Pembe Moja alikuwa na tawi zima la pamba kwenye pembe yake, kama bibi harusi.

Nyuma yao alikuja Maduhu, mdogo wake Bujiku, mtu mzima wa miaka sitini, anahema. "Nani amekufa?" alipiga kelele. "Nani amekufa?"

Na nyuma ya Maduhu, Salvatory.

Alianza kusikika akiwa bado hajaonekana. Kwanza mnong'ono wa hasira, kisha sauti, kisha ngurumo, Kiswahili na Kisukuma vikipigania mlango mmoja wa kutokea. "Pamba yangu! Pamba safi yote imekuwa fifi! Mzee Bujiku, huu ni ujirani gani? Nawapeleka kwa sungusungu, wote, na ng'ombe wenu, na huyo paka kwenye fimbo!" Alimaanisha maiki. "Nani aliyewaita ng'ombe saa sita?"

"Mimi," alisema Ng'washi. "Niliambiwa hawatasikia."

"Na nani aliyekwambia hawatasikia?"

Bujiku akatazama paa la nyumba. Lilikuwa paa zuri.

"Upepo, katekista," alisema Ng'washi. "Upepo umenidanganya."

Salvatory alipoondoka, Ng'washi alimgeukia mumewe. "Nimekuficha. Yale mahindi ya gunia utayapukuchua peke yako."

Akayapukuchua.

Asubuhi, kabla jua halijatoka, Ng'washi, Bujiku na Gloria walikuwa shambani kwa Salvatory na vikapu. Pamba ikianguka chini inashika majani makavu na udongo, mnunuzi anaiita fifi na bei inashuka. Wakaanza kuiokota na kuisafisha kwa vidole, kipande kwa kipande. Salvatory akatokea na uso wa jana.

"Wangaluka, katekista," alisema Ng'washi.

Hasira haimzuii mtu kuitika salamu. "Wangaluka, mayu."

"Mhola?" Yaani, ni salama?

"Mhola. Hapana! Si mhola!" Lakini alishaitika. Akachukua kikapu, akainama nao.

Walifanya kazi siku tatu. Siku ya pili mchana Gloria alikaa kwenye mpaka wa shamba na kompyuta yake, akisikiliza kinasa sauti kilivyokamata siku ile. Akasikia mluzi, majina, kwato zikija kutoka mbali. Halafu akamsikia Salvatory, tangu mnong'ono mpaka ngurumo. Akaruka juu kama aliyeumwa na siafu.

"Babu Salvatory! Naomba nikutie kwenye gemu."

Salvatory alinyoosha mgongo polepole. "Kama katekista?"

"Kama mwenye shamba. Mchezaji akiwaita ng'ombe vibaya, wanapita kwenye pamba yako. Wakiwa mbali, unanong'ona. Wakikaribia, unapandisha. Wakiingia ndani, ndiyo unasema yote."

Salvatory aliweka kikapu chini. "Basi tuirudie," alisema. "Ile ya kwanza nilikuwa nimekimbia, pumzi haikutosha."

Akarudia, mkono mmoja kifuani, maneno yamenyooka. Ng'washi akatikisa kichwa.

"Hapana, katekista. Hii unahubiri. Chukua ya kwanza, mjukuu. Ya kwanza alikuwa anatupenda kidogo."

Ikachukuliwa ya kwanza. Gloria akakaa siku kumi chumbani akipanga na kupangua sauti, akimwita bibi yake asikilize. Bibi akasema ng'ombe huyu aje na kwato nzito, ana mimba. Huyu ukimwita jina la mwenzake asitingishike. Upepo ukigeuka, sauti isifike. Gloria aliandika yote. Ng'washi hakujua kuandika, ila alijua palipokosewa, na aliponyoosha kidole Gloria alifuta bila ubishi.

Siku ya kusahihishwa, Gloria akiwa amesharudi Nairobi, Bujiku hakula. Ng'washi alikula sehemu yake na ya Bujiku. Maduhu alikuja, Salvatory alikuja amevaa koti, wakakaa wanaitazama simu juu ya kigoda. Ilipolia, wote wanne waliinyakua, ikaanguka. Ng'washi ndiye aliyeiokota. Akabonyeza, sauti ikatoka nje kwa wote.

Gloria alikuwa analia na kucheka, haikujulikana kipi kimezidi. Alisema mwalimu yule yule alikaa mwenyewe kucheza. Akaita mapema, tena kwa pupa, na ng'ombe wote wakaingia kwenye pamba. Salvatory akamlipukia masikioni. Mwalimu akasimama wima, akaiambia kompyuta, "Samahani, mzee, samahani sana."

Salvatory alijipiga paja. "Amesema samahani! Kwangu!"

"Akaanza upya," Gloria aliendelea. "Safari hii akangoja upepo. Akaita taratibu, kila mmoja kwa jina lake, mpaka wote wakaingia zizini. Bibi, nimefaulu. Nimefaulu vizuri, bibi."

Maduhu alianza kuimba. Bujiku alitoka nje kidogo, akarudi macho mekundu, akasema ni moshi. Hapakuwa na moto.

Ng'washi peke yake hakupiga kelele. Aliishika simu karibu na mdomo kwa mikono miwili.

"Wameingia wote kumi na mmoja?"

"Wote, bibi. Na mwalimu bado hajatoka kwenye kiti. Saa nzima sasa anawaita tu, anarudia na kurudia, walinzi wanataka kufunga mlango."

Ng'washi akasema, "Mwambie huyo mwalimu aache kuita, wameshafika. Sasa awape maji."